Wewe Si Dawa Yangu

Nsimire mwanangu,

Salamu nyingi sikupi, maana tumelala nyumba moja na leo asubuhi tumekunywa chai ya birika moja. Nakuandikia hapa hapa kwetu Kadutu, juu ya meza yangu ya cherehani, mchana huu ambao wewe umepanda hadi kijijini Miti kumuaga koko, bibi yako. Ukirudi jioni utaikuta barua hii ndani ya valizi yako. Nimeiweka humo makusudi. Asubuhi niliifungua hiyo valizi ili nikutilie kitenge kimoja cha kujifunika kwenye boti ya kesho ya kukupeleka chuoni Goma, nikaikuta tupu. Nguo zote umezirudisha kabatini, tena umezikunja vizuri, kama mtu asiyekwenda popote.

Nilikuuliza kulikoni. Ulinijibu huku unafunga viatu, bila kuniangalia.

"Maman, mi nabakia. Ntaenda mwaka yenye kuya. Goma haitakimbia."

Halafu ukatoka. Nilikasirika, Nsimire. Hata sasa naandika na hasira yangu, na usiiogope. Umezoea kuniona ama nimelala ama nimenyamaza, ukasahau kwamba mama yako alizaliwa na mdomo wake. Basi soma hadi mwisho. Sitakuandikia habari za kuchemsha maji, wala za wavulana, wala za kurudi chumbani mapema. Hayo unayajua, na mengine umenifundisha wewe. Nataka tuzungumze juu ya ugonjwa wangu, kwa sababu ndio uliozirudisha nguo zako kabatini. Nakuandikia kwa Kiswahili kile cha masista walionifundisha, maana Kifaransa changu kinaniishia njiani, na leo sitaki kubaki njiani.

Ulikuwa ungali sekondari ugonjwa huo ulipoanza. Ulikuwa mwezi wa nane, majira ya sare za shule, wakati ambao mafundi wote wa Kadutu hawana hata nafasi ya kujikuna. Mashati meupe na sketi za buluu zilikuwa zimejaa hadi kwenye kitanda chako. Siku moja nilikaa mbele ya kitambaa na mkasi mkononi, nikashindwa kuamua pa kuanzia. Kilikuwa kitambaa cha sketi ya mtoto wa darasa la kwanza tu. Mimi niliyeshona nguo za arusi nikiwa na mimba yako, nilikitazama kile kitambaa mpaka jua likazama, na sikukata kitu. Kesho yake vivyo hivyo. Chakula kikawa hakina ladha, usingizi ukanikimbia alfajiri, na machozi yalikuwa yanatoka yenyewe nikiwa nachambua maharage. Moyo haukuwa na huzuni ya kitu fulani. Ulikuwa mzito tu, nami nilikuwa naubeba kutoka chumbani hadi jikoni na kuurudisha.

Unajua mji wetu. Bukavu hata mtu akijikwaa wanamtafutia sababu. Tante Godelive, dada ya baba yako, alikuwa wa kwanza. Alikaa pale kwenye kiti cha mlangoni akaniangalia kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Mama Nsimire, weye ulifiwa na nani? Angalia ba mama wenye balitoka ku vita, banauza, banacheka. Weye uko na bwana, uko na mutoto. Iko nini?"

Swali hilo liliniumiza kuliko ugonjwa wenyewe. Jirani mmoja alinielekeza kwenye nyumba moja wanakopokea wanawake wenye majeraha ya moyo. Nilikwenda peke yangu, hata baba yako sikumwambia. Mama tuliyekaa naye kwenye benchi alinisimulia polepole yaliyompata msituni, mambo ambayo sitayaandika humu. Alipomaliza alinishika goti akaniuliza kwa upole, "Na weye, ilikukuta wapi?" Akili yangu ilizunguka kote ikitafuta msiba wa kumpa. Nilikaribia kutunga mmoja! Niliona aibu, nikatoka kabla jina langu halijaitwa. Kwa muda mrefu baada ya hapo niliamini kwamba mimi sina ruhusa ya kuugua, kwamba ugonjwa ule una wenyewe na mimi nauiba. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na lilinipotezea miezi mingi.

Tante alileta majani machungu kutoka Kabare. Niliyanywa. Yalinisafisha tumbo vizuri sana, simsemi vibaya aliyeyachuma, lakini moyo haukai tumboni. Kisha nikapita kwa yule kijana wa duka la dawa pale njiapanda, naye bila kuniuliza maneno mengi akanipa vidonge vya kulala. Unakumbuka nilivyolala? Niliamka kula, nikalala tena. Na unakumbuka jinsi nyumba nzima ilivyofurahi? Tante alisema naona nafuu, baba yako akasema asante Mungu, kwa sababu nilikuwa silii. Niliyekuwa silii nilikuwa pia sipo. Hakuna aliyeniuliza, maana mgonjwa aliyenyamaza anawapumzisha wote.

Ni baba yako aliyechoka na usingizi wangu. Alinichukua siku asiyofundisha tukashuka kwenye kituo cha afya, na huko ndiko nilikomkuta Madame Béa, anayewasikiliza wenye ugonjwa kama wangu. Wewe unamjua kwa jina na kwa ile miwani yake ya kamba, lakini hujui aliyoniambia siku ile ya kwanza. Nilimweleza kwamba sina msiba wowote, kwamba naomba radhi kumpotezea wakati. Alicheka.

"Mama, tifoide ikikukamata, inakuulizaka kwanza kama ulifiwa?"

Nikacheka na mimi, kicheko cha kwanza baada ya muda mrefu, kibovu kama mlango wenye kutu. Aliniambia ugonjwa wangu una jina: Kiswahili cha vitabu kinauita sonona, Wafaransa wanauita dépression, na una tiba zaidi ya moja. Munganga, yaani daktari wa pale, aliniachisha vile vidonge vya usingizi kidogo kidogo akanipa vingine. Alinionya kwamba vitachelewa kufanya kazi, majuma kadhaa, kwamba mwanzoni nitaona kichefuchefu na mdomo kukauka, na kwamba nisije nikaviacha ghafla kwa sababu eti najisikia vizuri. Na Madame Béa akawa ananiita tuzungumze. Nilidhani atanishauri, kumbe alikuwa ananiuliza tu, na kusubiri. Sijawahi kuona mtu anayeweza kusubiri namna ile.

Siku niliyojua kwamba napona, hakukuwa na malaika. Niligombana na mteja. Alikuja yule mama wa Nyawera na gauni lake, akalitandaza mezani.

"Hii mukono iko murefu."

"Mukono ya nguo iko sawa, mama. Ni mukono yako njo iko mufupi."

Wewe ulikuwa jikoni. Nilikusikia ukiangusha kifuniko cha sufuria na kupiga kelele, "Papa, kuya! Maman amerudi!" Mteja alikasirika akaondoka, wewe na baba yako mkaanza kucheka hadi mkashika ukuta. Siku hiyo nilikata vitambaa mpaka vidole vikauma, na usiku nikala ugali na sambaza, dagaa wetu wa ziwani, nikaisikia ladha yake.

Sasa nakuja kwenye lile unalolijua nusu, maana ulikuwa umesimama nyuma kabisa, karibu na mlango. Majuma yale yale niliyokuwa nameza vidonge, kikundi cha maombi cha Tante Godelive kilikuwa kinaniombea. Walikuwa wanafunga kwa zamu kwa ajili yangu, akina mama wenye watoto na kazi zao, na mimi hilo siwezi kulidharau hadi kufa kwangu. Walipoona nimerudi mezani nashona, wakasema siku ya ushuhuda imefika. Na wewe unajua ushuhuda wa pale unavyotolewa. Mtu anasimama mbele, anaeleza alivyofungwa na alivyofunguliwa, halafu anatia kwenye kile kikapu kikubwa kitu kilichomfunga. Mwingine anatia hirizi, mwingine pakiti ya sigara, mwingine fimbo yake ya kutembelea. Kiongozi aliniambia nije na vidonge vyangu. Nilimwambia munganga alinikataza kuviacha.

"Mama, mutu akishapona, hatembeaka tena na fimbo."

Usidhani walinilazimisha. Wengi wananitetea hivyo, na ni uongo. Nilitaka. Nilishona gauni jipya kwa ajili ya siku hiyo, mikono mifupi, shingo ya duara. Nilitaka wale walioniuliza nimefiwa na nani wanione nimesimama. Nilisimama basi, nikasema mbele ya watu wote kwamba dawa hazikunisaidia kitu, kwamba ni maombi peke yake. Nikatia pakiti kikapuni. Vigelegele! Wanawake walicheza, Tante alinifunga kitenge chake kiunoni, kinanda kikapanda juu. Nilikutafuta kwa macho nikuone ukishangilia, nikakuona umefunga mikono kifuani. Nilikununia juma zima kwa sababu ya mikono ile.

Ugonjwa ulirudi, na hukushangaa. Kizunguzungu kwanza, kisha usiku bila usingizi, kisha ule uzito wa zamani. Sasa sikiliza ujinga wa mama yako. Dawa zilikuwepo pale kituoni, Madame Béa alikuwepo, barabara ni ile ile. Sikwenda. Ningekwenda vipi? Muuguzi wa mapokezi anasali na sisi. Angeniona na pakiti mpya mkononi, na kesho yake wote wangejua kwamba ushuhuda wangu ulikuwa bure, na kiongozi angeonekana mwongo, na Mungu mwenyewe angeonekana hajanifanyia kitu. Nilimlinda Mungu kama mtoto mdogo wa kushikwa mkono kuvuka barabara. Nilikuwa naimba kwa nguvu kuliko wote kwenye kikundi, nikirudi nyumbani navua viatu nalala na nguo zangu.

Mpaka asubuhi ile. Sitaizungusha, maana ulikuwepo. Ulikaa ukingoni mwa kitanda changu, na mimi nilikuambia neno ambalo mama hamwambii mtoto wake, kwamba mngepumzika kama nisingekuwepo. Hukupiga kelele. Ulimwita baba yako, mkanivalisha, mkanishusha kwa Madame Béa bila kumpitia mtu yeyote mlangoni. Uliokoa maisha yangu, Nsimire. Nakuandikia wazi ili usije ukadhani nimesahau, au kwamba hasira yangu ya leo ni kukosa shukrani.

Lakini kilichofuata ndicho ninachokipinga, na nilipaswa kukipinga siku ile ile. Familia ilikaa sebuleni kwetu. Wewe ulikuwa umepata diploma yako ya Serikali ya kumaliza sekondari, wenzako wanatafuta vyuo. Tante Godelive ndiye aliyetoa hukumu.

"Dawa ya mama ni mutoto wake. Nsimire abakie hapa. Masomo haitaoza."

Baba yako aliangalia sakafu. Mimi nilitikisa kichwa kukubali. Nilikuwa nimeketi hapo nimejifunika blanketi, na sauti ninayo, na nilikubali, kwa sababu niliogopa kubaki peke yangu. Nilikumeza wewe, mwanangu, kwa sababu ulikuwa karibu na hukuniletea kichefuchefu.

Nimekuangalia tangu siku ile. Ulijifunza kusikiliza nyayo zangu. Nikikaa bafuni kidogo, unapita mlangoni ukiimba ili nikujibu. Uliacha kwenda kwenye arusi za wenzako. Ulihesabu vidonge vyangu ukidhani sikuoni. Wewe uliyekuwa unagombana na mtaa mzima kuhusu mabomba, unayetaka kusomea namna ya kuleta maji kwenye vilima vyetu hivi ambako tunayafuata na bido, dumu la maji, mgongoni tukiwa tunaliona ziwa zima pale chini, ulikaa hapa mlangoni ukilinda mtu mzima asife. Na mimi nilijifanya sioni.

Unajua dawa hiyo ilinifanya nini? Ilinirudisha kwenye ushuhuda. Kila asubuhi ilinibidi nipone kwa ajili yako. Nilikuwa nacheka ili uende ukalale. Nilikuwa nakula sahani yote kwa sababu unanitazama. Siku mbaya zangu nilizificha kwako kama nilivyozificha kwa kikundi. Nilipomweleza Madame Béa kwamba familia ilinipa mtoto wangu awe tiba, alivua miwani akaipangusa.

"Na hiyo dawa ya Nsimire, unaimezaka asubuhi ao jioni?"

Sikucheka mara hii. Nilikwenda nyumbani nikiifikiri njia nzima, nikasimama pale kwenye mteremko mpaka mwenye pikipiki akanitukana. Niliona kwamba nimejaribu tiba nyingi, na zile zilizoniangusha zilikuwa na jambo moja: zilinidai uongo. Wewe uichunguze tiba kwa hilo, ikiwa siku moja utahitaji kuchagua. Simwambii mtu asiombe. Mimi bado nasali, rozari yangu iko mfukoni sasa hivi, na siku ya shirika, ile ya kusali na majirani, mimi ndiye ninayeanzisha nyimbo. Sisemi majani ni mabaya wala kwamba vidonge ni vizuri kwa kila mtu, maana vya kwanza vilinifanya gogo. Nasema kwamba palipo na tiba yangu naweza kusema, "Leo najisikia vibaya," na hakuna anayeaibika. Kwa Madame Béa nilisema hivyo. Kwa munganga nilisema hivyo, akabadilisha kipimo. Kwenye kikapu sikuweza, na kwako sikuweza.

Kwa hiyo nilichagua, na uliona mabadiliko bila kujua yalikotoka. Vidonge vyangu vilitoka chini ya godoro vikakaa mezani, karibu na kopo la sukari. Tante alipoviona Jumapili ile karibu amwage maharage aliyotuletea.

"Ficha bile bidonge, batu banaona! Ile ni magonjwa ya bazungu."

"Baone. Na sukari banaiona."

Hakula siku hiyo. Alirudi wiki iliyofuata, maana ananipenda, na hilo nalo ukumbuke: anayekosea dawa si lazima awe adui. Lakini sitaugua kwa heshima yake.

Na kuna jambo ambalo hulijui kabisa, maana nilikutuma Bagira siku hiyo ili usiwepo. Nilirudi kwenye kikundi nikaomba nafasi ya ushuhuda. Walifurahi, wakaniita mbele. Safari hii gauni nililovaa lilikuwa la kazini, lina nyuzi begani. Nikasema, "Ndugu zangu, nilisema uongo hapa. Niliwaambia dawa hazikunisaidia kitu, kumbe zilikuwa zinanisaidia. Nilizitupa kwenye kikapu chenu nikaanguka, na sikuthubutu kuwaambia nimeanguka. Sasa nazimeza tena. Naponywa na vidonge, na mama mmoja anayenisikiliza, na maombi yenu, na Mungu, na jinsi walivyogawana hiyo kazi mimi sijui." Kinanda kikaanza kupigwa kabla sijamaliza. Kiongozi akasema tumshukuru Bwana kwa yote, akaita mwingine. Hakuna vigelegele. Nilitembea mpaka nje peke yangu, na nilikuwa na furaha ambayo siku ya vigelegele sikuipata.

Sikuwa nimefika barabarani mama mmoja akanifuata mbiombio, amefunika mdomo na kitenge.

"Mama Nsimire, ile santre ya dawa iko wapi? Nauliza juu ya dada yangu."

Nilimwambia: mpeleke dada yako, na ukimsindikiza, wewe ukae kwenye kiti cha kwanza. Alinielewa. Tunakutana naye sasa kila Jumanne pale kituoni, kwenye kile kikundi cha wanawake kinachokaa na Madame Béa, na hajawahi kumtaja dada yake tena.

Hayo ndiyo mambo yangu. Sasa yako. Najua unachoogopa, kwa hiyo tukitaje. Unaogopa uende Goma, nami nianguke, na ukute umechelewa. Nsimire, huenda nikaanguka. Sikuahidi kwamba imekwisha, maana nimekwisha kutoa ushuhuda wa namna hiyo mara moja. Ila safari hii nimejipanga. Baba yako anazijua dalili zangu. Nikiacha kukata vitambaa, nikianza kuimba kwa nguvu nisizokuwa nazo, yeye atakwenda kwa Madame Béa hata nikikataa, na nimempa ruhusa hiyo mbele ya Madame Béa mwenyewe. Kuna akina mama wa Jumanne. Nikiyawaza yale ya asubuhi ile, sitakaa nayo peke yangu mpaka kuche, nitamwamsha baba yako. Leo mchana nilimwonyesha valizi yako tupu, nikamwambia kwamba mara ya kwanza alipoangalia sakafu nilimsamehe. Akasema, "Mutoto aende. Mi niko hapa." Ameshanyoosha shati la kukusindikizia bandarini.

Na ikikupata wewe, maana damu ni yetu na sitaki uambiwe na mtu wa nje, usingoje upate msiba ndipo ujiruhusu. Mwambie mtu mapema. Usimeze dawa zangu wala za rafiki yako. Ukipewa tiba, uliza itachukua muda gani, na utajuaje kama haikufai, na anayekasirika kwa maswali hayo muage kwa adabu. Ya kwanza ikishindikana, jaribu ya pili bila kujihukumu. Wala usinifiche mimi kwa kuogopa kuniumiza. Mimi si yai.

Usinipigie kila asubuhi kuniuliza kama nimemeza. Sitakujibu, nakuapia, nitaacha simu iite. Nipigie unielezee maji yanavyopandishwa mlimani, hata kama sitaelewa.

Kesho nitalia pale bandarini, mbele ya watu wote, na boti ikiondoka nitalia zaidi. Usije ukashuka kwa sababu hiyo! Kilio cha kesho si ugonjwa. Ni kilio cha mama yeyote ambaye mtoto wake amekua, nami nimekingoja kwa miaka, na ninakitaka chote, wala mtu asije akakiita jina lingine. Nitakukosa, mwanangu. Nitakukosa asubuhi na jioni, na nitashona.

Tante Godelive ametuma ujumbe kwamba atakuja mchana wa kesho tukae kikao, awashukuru wote kwa uamuzi wako wa kubaki. Kumbe ulimwambia yeye kabla yangu. Aje, chai ipo. Ila kabla hujatua jioni hii ukaanza kubishana nami, nikuambie nilichofanya baada ya wewe kutoka. Nilimpigia rafiki yangu wa Katana, yule ambaye binti yake amekuwa anatafuta mahali pa kukaa asomee hapa mjini. Nimempa kitanda chako. Nilimwambia wazi kwamba mtoto anakuja kusoma, si kulinda mtu. Anafika kesho saa sita na godoro lake, na ukiwa bado humu ndani, mwanangu, utalala chini.

Anayekupenda na anayekufukuza,
Mama yako